Shaba

Jumanne alfajiri, nimetoka zamu ya usiku,
theluji ingali kwenye kola,
nikaona samaki wako wamenyunyiziwa chumvi.
Haikuwa chumvi. Punje nyeupe, kwenye mapezi, hadi machoni,
nao wakijikuna kwenye kigogo,
mashavu yakifunguka na kufunga mbiombio.

Zdena, wewe uko Linz unageuza wagonjwa wa watu,
mimi niko Ostrava, ghorofa ya sita, na chupa mkononi.
Přemek wa duka la nyuma ya stesheni aliniapia:
matone kumi, siku saba, kwisha habari.
Nikafungua kifuniko.
Tone la kwanza likaning'inia, buluu, zuri hasa.

Simu ikalia.
Uliwajulia hali samaki kabla yangu
(sikuchukia, nimezoea).
Nikakusomea jina la dawa. Ukanyamaza.
"Soma nyuma. Yale maandishi madogo."
Nikatafuta miwani, nikaipata juu ya friji.
"Shaba," nikasema.
"Funga chupa, Oldřich."

Mimi, wa kuambiwa habari za shaba!
Miaka ishirini na sita nanyoosha waya juu ya njia za tramu,
vidole vyanuka shaba hata Jumapili,
mwenyewe husema mkate niliokata mimi una ladha ya sarafu.
Shaba ndiyo iliyotulisha.
Shaba ndiyo iliyonunua tangi hili, na taa yake, na mchanga mweusi.

Ukanieleza kwa sauti ile unayowawekea jamaa za wagonjwa:
uduvi wana shaba damuni,
ndiyo inayowabebea pumzi,
ndiyo maana damu yao haiwi nyekundu kama yetu.
Na hiyo hiyo, ikizidi majini chembe tu, inawaua.
Konokono nao.
"Na haitoki kirahisi. Hujificha mchangani, ikangoja."

Wanasema samaki mmoja akioza wameoza wote.
Hawakusema lolote kuhusu jirani wa samaki,
asiyeumwa, asiye na mapezi,
anayekwangua ukoga chini na kunyweshwa dawa isiyo yake.

Basi nikatafuta ndoo. Ile ya kupigia deki, hapana;
nikanunua mpya.
Nikaijaza maji ya tangi lenyewe, hita, sponji, bomba la hewa likipiga mapovu.
Nikawahamisha wote kumi na mmoja,
hata wale wasio na punje, kwa kuwa ulisisitiza.
Wa mwisho alinikimbiza dakika arobaini.
Nilimtukana kwa matusi ya karakana, kisha nikamwomba radhi.
Joto nikalipandisha taratibu, digrii moja, nikalala, nyingine.
Chumvi kwa kijiko, ndooni tu.
Wavu wa ndoo nikaufunga uzi mwekundu
usije ukasahau njia ukarudi tangini.

Siku ya nne alikufa mmoja, yule mwenye mkia uliochanika.
Nilimfunga kwenye tiketi ya tramu.
Sikukwambia. Nakwambia sasa.

Wiki tatu tangi limekaa bila samaki.
Vidudu vilivyobaki humo havikupata ngozi ya kushika,
njaa ikavimaliza.
Na uduvi, ambao mwaka mzima sikuwaona ila masharubu nyuma ya jani,
wametoka uwanjani mchana kweupe,
wamepanda kigogo, wamepanda hita iliyozimwa,
jike mmoja amebeba mayai tumboni, akiyapepea kwa vijiguu
kama anayepoza uji.

Chupa nimemrudishia Přemek.
Hakunirudishia pesa.

Leo nimewarudisha samaki, kumi.
Nilipozamisha mkono kunyoosha mmea,
uduvi akanipanda kidoleni,
akaanza kunikwangua ukuchani, kwa utulivu, akitafuta sijui nini.
Sikutikisika.
Nilinawa, Zdena. Mara tatu.
Kwa brashi.